Sakafu Tuliyoikausha kwa Makumbi

Mwenye nyumba aliteremka kwenye gari la moshi asubuhi, akaja moja kwa moja mpaka karakana yetu Temeke, mkononi ana kipande cha ubao kimeviringishwa kwenye gunia la sukari. Alikuwa Mhindi wa makamo mwenye duka kwenye stesheni moja ya bara, kule nchi ya Wagogo, ambako mawingu hupita juu kama watu wenye haraka ya kwenda kwingine. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu. Tulimpa kiti, akakikataa. Akafungua gunia, akauweka ule ubao juu ya meza ya kurandia mbele ya fundi wangu.

"Fundi, sakafu yako inakula vitu."

"Inakula vipi?"

"Inameza. Kijiko kimeingia. Sindano za mke wangu zimeingia. Juzi mjukuu wangu kadondosha gololi, imepita kwenye mwanya, mpaka leo akitembea tunaisikia inabingirika huko chini."

Fundi alianza kucheka, kisha akaacha. Alikuwa ameshaushika ubao.

Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya meza na randa mkononi, na nadhani ni mimi peke yangu niliyejua kilichokuwa kinakuja. Nasema nadhani kwa sababu nimegundua baadaye kwamba mambo mengi niliyodhani nayajua peke yangu, wenzangu walikuwa wanayajua zamani.

Nieleze kwanza. Wakati huo, miaka michache baada ya vita ya Hitla, nilikuwa mtu mzima, nina mke na mtoto mmoja, na nilikuwa msaidizi wa seremala ambaye hapa nitamwita fundi tu. Yeye alikuwa hodari wa mbao kuliko mtu yeyote niliyemwona, lakini hajui kusoma. Mie nilisoma madarasa manne, basi barua zote za karakana nilizisoma mimi na kuzijibu mimi. Nilikuwa na daftari pia ambalo niliandika mambo ya kila siku. Mengi ya hapa nimeyatoa humo, na pale ambapo daftari halisemi nitasema kwamba halisemi.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemwekea yule Mhindi sakafu ya mkongo sebuleni na chumba kimoja. Mkongo ni mti wa msituni Rufiji, mgumu, mwekundu, ukiuranda vizuri unang'aa bila kupakwa kitu. Mke wake alikuwa na miguu inayomuuma, saruji ya kule alfajiri ni baridi kama chuma, ndiyo maana akataka mbao. Tulizipanga mbao zetu karakana miezi mingi mpaka kwa akili yetu zikakauka, tukapanda nazo gari la moshi, tukazilaza, tukazipiga nta, tukarudi. Ilikuwa sakafu nzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nyundo kubwa alishika fundi.

Baada ya miezi minne au mitano ikaja barua. Mhindi alisema mbao zimeanza kuachana. Fundi alikuwa Kilwa, amekwenda kwenye matanga ya kaka yake, na hatukujua atarudi lini. Barua ilikuwa na wasiwasi mwingi. Nikaona si adabu kuinyamazia.

Sasa, baba yangu alikuwa kalafati. Kazi yake ilikuwa kuziba mianya ya mashua kwa pamba na mafuta, na tangu nikiwa mdogo nilimwona akifanya jambo moja kila mara: chombo kikikaa nchi kavu muda mrefu, mbao zikaachana, alikimwagia maji. Siku ya pili na ya tatu ubao umekunywa, umevimba, mwanya umefungwa, na mtu asiyejua angeapa haukuwapo. Kwa hiyo nilishika kalamu, nikaandika kwa jina la fundi: msiwe na wasiwasi, kila jioni mwageni maji kiasi cha ndoo moja juu ya sakafu, mbao zitajifunga zenyewe.

Fundi aliporudi kutoka Kilwa nilimwambia imekuja barua na nimeijibu. Sikumwambia nimejibu nini. Daftari langu siku hiyo linasema tu "fundi karudi, amekonda."

Sasa narudi kwenye meza ya kurandia.

Fundi aliugeuza ule ubao, akapitisha kidole gumba pembeni. Pembe zake zilikuwa zimepondeka, nyuzi zake zimelala kama nywele zilizokandamizwa na kofia, na uso wake ulikuwa umebinuka. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akaenda ukutani, akateremsha shelfu tuliyokuwa tunawekea patasi. Shelfu ile ilikuwa kipande cha ubao uleule, tuliukata vipande viwili, nusu ikapanda gari la moshi na nusu ikabaki Temeke. Akaviweka viwili hivyo sambamba, akasawazisha ukingo mmoja kwa kiganja.

Ukingo wa pili haukulingana. Kile kilichotoka bara kilikuwa kimepungua kwa kiasi kinachokaribia unene wa penseli.

Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba mbao hunywea. Kila seremala husema. Lakini kusikia ni kusikia. Hapa palikuwa na mti mmoja, ubao mmoja, alama ya msumeno wetu ikiwa bado kwenye ncha zote mbili, na hewa tu, kitu ambacho huwezi kukishika, imekwenda imelamba mkongo ambao mie nikiupiga tezo huwa unanirudishia mkono. Nilikaa chini kwenye maranda. Sikumbuki kama nilikaa kwa mshangao au kwa hofu. Tuseme vyote.

"Nani alikwambieni mmwage maji?" fundi akauliza. Alikuwa ameshaona kwenye zile pembe.

"Wewe," akasema Mhindi. "Barua yako ninayo nyumbani."

Fundi hakunitazama. Nilingoja anitazame, na hakunitazama.

"Basi ni mimi," akasema. "Ing'oeni yote mkawashie moto. Nitaleta nyingine. Na hiyo nyingine isipokaa mwaka mzima bila mwanya, mimi randa naweka chini. Nitauza nazi."

"Usiape, fundi."

"Siapi. Nakwambia."

Watu waliokuwa jirani walisikia. Temeke ile mambo hayachukui siku mbili, na mpaka jioni mke wangu aliniuliza kama ni kweli fundi ameweka ufundi wake rehani. Nikasema ni kweli. Sikusema kwa sababu ya barua ya nani.

*

Fundi alikuwa na dada yake mkubwa Kunduchi, mjane, mwenye banda la mbata. Nazi zilipasuliwa zikatandazwa juu ya chanja, chini yake ukawashwa moto wa makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, ambao hauwaki ila unafuka, na nyama ya nazi ikakauka kidogo kidogo mpaka ikaachana na kifuu chake. Fundi aliliangalia banda hilo maisha yake yote kama mtu anavyoangalia jiko la nyumbani kwao. Wiki ile akaliangalia upya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeleta nini? Mlango?"

"Mbao. Naomba chanja la juu."

"La juu lina mbata."

"Mbata ikishuka."

"Ikishuka napandisha nyingine. Nyie mna wazimu? Watu wanakausha nazi, nyie mnakausha mlango!" Akanigeukia mie. "Na wewe mwenye madarasa, umeshindwa kumwambia kwamba mbao huanikwa juani?"

"Jua la hapa halitoshi, mama," nikasema.

"Halitoshi! Sikia. Jua la Kunduchi halimtoshi." Akawaambia wanawake wanaopasua nazi, wakacheka mpaka mmoja akaweka panga chini.

Lakini chanja alitupa. Na mimi leo nikitafuta nani hasa aliyeitengeneza sakafu ile, siwezi kumwacha yule mama nje, kwa sababu moto aliuangalia yeye. Fundi aliweza kupanga mbao na vijiti kati yake ili hewa ipite. Aliweza kuzipaka chokaa kwenye ncha zisipasuke. Lakini moto wa makumbi ukizidi kidogo ubao unalia, unapasuka kutoka moyoni, na ukipungua unyevu wa bahari unarudi. Yule mama alikuwa akiweka kiganja chini ya chanja, anahesabu kimya kimya, kisha anasema "ongeza" au "ondoa." Tulipoteza mbao chache tu. Tungekausha wenyewe karakana tungepoteza zaidi.

Tulizipasua pia mbao zetu ziwe nyembamba, vidole vitatu badala ya kiganja na nusu. Fundi alisema ubao mpana ukipungua, upungufu wote unakusanyika mahali pamoja na mtu anauona, lakini mbao nyingi nyembamba zinagawana. Jambo hilo aliliwaza mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Nilimwuliza, akasema usiku ule wa kwanza hakulala.

Cha kupimia ndicho kilichonistaajabisha kuliko vyote. Dada yake alikuwa na mizani ya vitanga viwili ya kupimia mbata. Fundi alikata kipande cha mkongo ukubwa wa kiganja, akakiweka chanjani pamoja na wenzake. Kila siku ya tatu alikiteremsha, akakiweka kitanga kimoja, na kitanga cha pili akaweka jiwe la pwani alilolichagua mwenyewe pamoja na mchanga kidogo ndani ya kitambaa. Vitanga vikisawazika, anafunga kitambaa. Siku ya tatu inayofuata ubao umekuwa mwepesi, kitanga chake kimepanda, anatoa mchanga kidogo. Tena. Tena. Kila mara mchanga unapungua, na mie naandika kwenye daftari "umetoka tena," kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kwenye mti ambao mie ningeapa kwa mkono juu ya msahafu kwamba ni mkavu kama mfupa.

Kisha siku moja akapima, vitanga vikatulia. Siku ya tatu akapima, vimetulia. Ya tatu tena, vimetulia. Akachukua jiwe na kile kitambaa, akaviweka mfukoni.

"Hili ndilo neno lake," akasema. "Ubao ukiwa na uzito huu hauna tena cha kutoa."

Siku hiyohiyo tulizifunga mbao zote kwenye turubai, juu yake magunia, tukashona kwa sindano ya gunia, kama mtu anavyofunga maiti, astaghfirullah, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila saa moja zikikaa wazi Kunduchi zilikuwa zinakunywa bahari. Dada yake fundi alisimama mlangoni.

"Zikiharibika," akamwambia, "usije hapa kuuza nazi. Nazi nauza mimi."

*

Nchi ile ukishuka kwenye gari la moshi midomo inakauka kabla hujamaliza kusalimiana. Vumbi jekundu, miiba, mbuzi wamesimama kwenye kivuli cha ukuta wakihamahama kadiri kivuli kinavyohama. Mwanga wake hauna ukungu hata kidogo. Kilima ambacho ungesema kipo umbali wa kutupa jiwe, ukiuliza unaambiwa ni safari ya siku nzima. Mie mtu wa pwani nilijiona kama nimevuliwa nguo.

Mke wa mwenye nyumba alitupokea. Sakafu ya zamani ilikuwa imeshang'olewa, zimebaki boriti, na gololi ilikuwa imepatikana, mjukuu alikuwa nayo mfukoni na hakukubali mtu aishike.

Tukazifungua mbao, tukazipanga chumbani na vijiti kati yake. Mwenye nyumba akadhani kesho tunaanza.

"Bado," akasema fundi. "Zinaingia kwenye nyumba ngeni. Ziache zizoee."

"Fundi, nina wageni mwezi ujao."

"Watakaa veranda."

Akaomba mizani ya dukani. Ilikuwa ya vitanga viwili kama ile ya Kunduchi, ila ya shaba, inang'aa. Akaweka kipande chake upande huu, jiwe na kitambaa upande ule. Kitanga cha ubao kikashuka kidogo. Njiani, pamoja na turubai na magunia yote yale, ubao ulikuwa umeiba maji. Mwenye nyumba alikuja kuangalia na wateja wawili nyuma yake, na baada ya hapo kila siku ya tatu watu waliacha kununua chumvi wakaja kuangalia ubao unapimwa na jiwe.

Siku hizo za kungoja ndizo zilizonishinda. Mtu akiwa na kazi hana nafasi ya kujiuliza. Alasiri moja tumekaa veranda, mwenye nyumba akaja na karatasi.

"Fundi, hii ndiyo barua yako. Nimeiona leo kwenye mafaili. Niichane?"

"Usiichane," akasema fundi. Akaichukua, akaitazama kama mtu anayetazama kitambaa, akanipa mie. "Nisomee nilivyoandika."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, labda kwa sababu shuleni tulisoma tumesimama. Nikaisoma yote. Niliisoma mpaka zile salamu za mwanzo na "ni mimi fundi wako mtiifu" ya mwisho, na ndoo moja, na kila jioni. Sikuruka neno. Nilipomaliza nikasema, "Hii si yako, fundi. Hii ni yangu. Wewe ulikuwa Kilwa."

Mwenye nyumba akatutazama, huyu na huyu.

"Najua nilikuwa Kilwa," akasema fundi. "Mie nimezika kaka yangu, utanikumbusha nilikuwa wapi?"

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Temeke. Uliposhika randa ukawa humalizi ubao mmoja." Kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua bei ya samaki: "Maji uliyatoa wapi?"

"Kwa baba. Alikuwa kalafati."

Mbele yetu mbuzi walikuwa wamehamia upande mwingine wa kisima kikavu.

"Mie ningekuwapo," akasema, "ningewaambia hivyohivyo. Sie watu wa pwani ubao ukiachana tunajua dawa moja. Chombo kinarudi majini. Hii sakafu ilikuwa inarudi wapi?"

Hapo mke wa mwenye nyumba, ambaye alikuwa ndani anapepeta mchele na anasikia kila kitu, akatoka.

"Jamani mimi ndiye niliyemwaga," akasema. "Kila jioni. Asubuhi nikiamka naona imefunga, nafurahi, naongeza ndoo ya pili. Huku maji tunanunua kwa punda! Mume wangu kanigombeza, mimi namwambia fundi kasema."

"Ndoo mbili?" fundi akauliza.

"Siku nyingine tatu."

Fundi akaanza kucheka, na safari hii hakuacha. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi. Basi ikajulikana jinsi ubao ulivyoumia: jioni unavimba unasukumana na mwenzake, pembe zinapondeka kwa sababu hakuna pa kwenda, mchana jua linaukausha, unanywea lakini pembe zilizopondeka hazirudi. Kesho yake tena. Miezi kadhaa. Mie niliyeandika, mama yule aliyemwaga, na fundi ambaye alisema angesema hivyohivyo.

Sijawahi kujua kama alisema kweli au alinisitiri. Nimefikiri pande zote mbili kwa miaka. Kwa upande mmoja, ni kweli watu wote wa pwani ninaowajua wangesema maji. Kwa upande mwingine, fundi aliwahi kumwona Mhindi mmoja wa Kinondoni akimwagia mlango maji na akamkataza. Naweka hapa yote mawili, mie siwezi kuamua.

Lakini neno lake la Temeke lilibaki palepale. Kucheka hakukuliondoa. Alikuwa bado ameweka randa yake mbele ya watu.

*

Siku ya kumi na tisa, kama daftari langu halikukosea, vitanga vya shaba vikatulia. Ubao huku, jiwe la Kunduchi kule, na sindano ya katikati imesimama wima. Mgogo mmoja mzee aliyekuja kununua tumbaku akauliza lile jiwe limetoka wapi, akaambiwa limetoka baharini. Akainama akaliangalia muda mrefu. Akasema hajawahi kuiona bahari, na kumbe ni nzito namna hiyo.

Tukaanza. Fundi hakuanzia ukutani. Aliacha nafasi ya kidole pande zote nne, nafasi ya mbao kupumua, ambayo baadaye tuliifunika kwa ubao wa ukingo. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule, na msumari unapigwa kwa mshazari kwenye ulimi peke yake, ili upande wa pili uwe huru kusogea. Na kati ya kila ubao na mwenzake alipitisha ukindu, ule wanawake wa pwani wanaosukia mikeka, unene wake hauizidi karatasi ila kidogo tu. Ubao ukishapigwa msumari, anauvuta ukindu, anaendelea.

"Mvua zikija," akaniambia, "hata huku zinakuja, mbao zitataka kuvimba kidogo. Hiyo ndiyo nafasi yake. Na mvua zikiisha zitarudi."

"Na kama zikivimba zaidi?"

"Basi nitauza nazi."

Tulitambaa kwa magoti siku nane. Chumba kilinuka nazi. Harufu ya makumbi ilikuwa imeingia kwenye mkongo, na joto la mchana lilipoitoa, mke wa mwenye nyumba alikuwa anapita na kusema leo tunapika nini. Nilimtazama fundi alivyokuwa anagusa kila ubao kabla ya kuulaza, anaugeuza, mara nyingine anaurudisha na kuchukua mwingine. Nilimwuliza anatafuta nini. Akasema hajui, akiupata anajua. Nimejaribu maisha yangu yote kufanya vile. Mara moja moja nimedhani nimepata.

*

Mwaka ule Temeke ulikuwa mrefu. Mvua zilikuja, nikawaza kule zinavimba. Zikaisha, nikawaza zinanywea. Watu waliuliza, "Vipi fundi, nazi lini?" na yeye akajibu, "Weka oda mapema." Lakini nilimwona anapunguza kazi. Alikuwa hakubali mlango mpya wala kitanda, anamalizia tu za zamani, kama mtu anayefagia kabla ya kuhama. Sikuweza kumwuliza. Barua haikuja kutoka bara, na aliponiona nataka kuandika kuuliza, akasema, "Barua basi. Tutakwenda kuona."

Tulikwenda mwisho wa kiangazi, jua limekaa miezi saba, wakati ambapo kama kuna mwanya hauna pa kujificha. Hatukutoa habari. Tulifika mchana. Mke wa mwenye nyumba akasema vueni viatu, tukavua, akatuacha sebuleni akaenda kumwita mumewe.

Mwanga wa kule ulikuwa unaingia kwa dirisha, umelala juu ya mkongo kuanzia ukuta mpaka ukuta. Sikuona mistari. Nilijua ni mbao nyingi nyembamba, nilizipiga misumari mwenyewe, na macho yangu yalikuwa yanakataa. Ilikuwa kama kitu kimoja kilichomwagwa kikaganda. Fundi alitembea polepole, nyayo tupu, anaburura kisigino. Alipofika mwisho akageuka, akarudi kwa mstari mwingine. Mie nikapiga magoti nikaanza kutafuta kwa kucha, kwa sababu mie ni mtu wa kutafuta.

Na nikapata. Karibu na mlango, jua linapopiga asubuhi, palikuwa na mwanya mmoja, kucha yangu iliingia. Nilijua ubao ule. Siku ya mwisho ya kazi, fundi alipokuwa anaosha mikono, niliuogopa. Niliona mlangoni watu watapita sana, utainuka, nikaupiga misumari miwili ya ziada upande ule ambao ulitakiwa kuwa huru, nikaizamisha, nikaifunika kwa nta. Kwa hiyo wenzake wote walisogea pamoja, huo ukashikwa, na jirani yake akaachana nao.

Mwenye nyumba alikuwa ameingia. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, anangoja.

"Upo mwanya," nikasema. "Mmoja. Hapa. Ni kazi yangu, fundi hakuuona. Ule wa fundi hata mmoja haupo."

"Huo," akasema mwenye nyumba, "mimi naukanyaga mwaka mzima na sijauona."

Fundi alikuja, akainama, akaweka kidole. Kisha akanyooka akauliza kibla kiko wapi. Mwenye nyumba akamwonyesha, akataka kumletea mkeka, fundi akamzuia kwa mkono. Akasimama katikati ya sakafu akasali alasiri palepale, bila kutandika kitu, na aliposujudu alikaa na paji la uso kwenye ubao muda mrefu kuliko kawaida yake. Nje mtu alikuwa anaita mteja kuhusu unga.

Alipotoa salamu alibaki amekaa, viganja juu ya mbao, kulia na kushoto.

"Nyundo umekuja nayo?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nimekuja nayo."

"Basi nazi auze dada. Toa misumari yako. Yangu iache."